Sella wa Melseyri: miaka 31 bwawani, hajawahi kuingia baharini

Saa kumi na mbili asubuhi, jua limeshakaa angani kwa muda juu ya Melseyri, mji mdogo wa wavuvi kaskazini kabisa mwa dunia, na Sesselja Hallvardsdottir amepiga magoti ukingoni mwa bwawa la kuogelea la mji. Mkono wake wa kulia umezama majini mpaka kwenye kiwiko. Kipimajoto kinaning'inia ukutani, karibu naye kabisa, lakini hakiangalii.

"Ishirini na tisa," anasema.

Kisha anainuka, anajipangusa mkono kwenye suruali na kwenda kukitazama. Kinasema ishirini na nane na nusu.

"Kimezeeka hicho," anasema, na kuendelea na kazi.

Mjini kila mtu anamwita Sella. Ana miaka hamsini na saba, ni mfupi, mabega mapana, na sauti yake inafika ng'ambo ya bwawa bila msaada wa filimbi. Kwenye karatasi za halmashauri yeye ni mlinzi wa bwawa. Kwa vitendo ndiye anayekata tiketi, anayesugua vigae, anayepima klorini, anayechemsha kahawa ya wateja na kufundisha watoto kuogelea. Ndiye pia anayewarudisha watu wazima bafuni.

Hapa hakuna anayegusa maji ya bwawa kabla hajaoga kwa sabuni, uchi, kila mahali. Mwandishi wa makala haya anaishi Melseyri mwaka wa kumi na sita sasa na bado anakaguliwa nywele mlangoni. Asubuhi hii zamu ni ya kijana mmoja mgeni, mhandisi wa barabara, anayejaribu kupita na kichwa kikavu.

"Rudi," Sella anamwambia.

"Mama, nimeoga nyumbani sasa hivi."

"Nyumbani kwako hamuogi watu mia sita kwenye beseni moja. Rudi, mpenzi. Sabuni iko ukutani, haiumi."

Mhandisi anarudi. Wanarudi wote.

Saa kumi na mbili na nusu mlango unafunguliwa rasmi na wateja wa asubuhi wanaelekea moja kwa moja kule ambako wenyewe wanakuita chunguni. Chungu ni beseni la mviringo la maji ya moto, kando ya bwawa kubwa, wazi chini ya mbingu. Linachukua watu wanane wakibanana. Milimani bado kuna theluji na hewa inakata masikio, lakini ndani ya chungu watu wamekaa na vikombe vya kahawa, maji yakiwa shingoni. Bei ya samaki hupangwa humo, na harusi huvunjwa humo kabla hazijatangazwa.

Tangu Januari kikao kina ajenda moja tu: safari ya Sella.

"Kofia umeshanunua?" anauliza Borghildur, mkunga mstaafu, aliyewapokea duniani wengi wa waliokaa naye chunguni.

"Kofia ninayo."

"Hiyo ya sufu?"

"Ya sufu ni ya uwanja wa ndege wa hapa. Nyingine ni ya kule."

"Atarudi amebabuka uso mzima," anasema mzee aliyejiegemeza pembeni. Huyo ni Eyvindur, fundi wa nyavu mstaafu, miaka sitini na saba. "Mwaka jana alibabuka hapa hapa, tena akiwa na koti."

Juni sita, Sella atapanda ndege kwenda Paris, halafu nyingine usiku kucha mpaka kisiwa cha Morisi. Atakaa wiki mbili. Itakuwa mara yake ya kwanza kufika nchi ya joto. Mshahara wake baada ya kodi ni kama krona laki nne na nusu kwa mwezi, na safari imemeza miwili. Hilo halimsumbui sana. Kinachomnyima usingizi ni kwamba mwanamke huyu, aliyewafundisha nusu ya wakazi wa mji kuogelea, hajawahi kuingia baharini. Hata magotini hajawahi kufika.

"Nikitembea ufukweni napita upande wa majani," anasema. "Watu wanadhani napenda maua."

Sababu yake inajulikana mji mzima, na kwa hiyo haitajwi. Alipokuwa na miaka tisa baba yake, Hallvard, aliteleza akitoka kwenye mashua kupanda gatini na kuanguka majini. Ilikuwa Agosti, mchana, bahari imetulia kabisa. Hallvard alikuwa mvuvi tangu utotoni na hakujua kuogelea, kama wengi wa rika lake. Wenyewe walikuwa wakisema kwamba kwenye maji baridi namna ile kuogelea ni kujiongezea mateso.

Gatini walikuwepo watu wawili. Walikimbilia mti mrefu wenye ndoano na wakarudi nao, lakini Hallvard alikuwa amekwisha kuzama.

Melseyri wakati huo haikuwa na bwawa. Watoto walipelekwa mji wa jirani wiki mbili kila mwaka kujifunza, kama sheria inavyotaka, na asiyetaka alipata pa kujificha. Bwawa lilipojengwa Sella alikuwa na miaka kumi na sita. Siku ya kwanza alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Baadaye aliajiriwa, na huu ni mwaka wake wa thelathini na moja.

Wazo la Morisi lilizaliwa chunguni. Wakati wa baridi kali Borghildur alikuwa akijisifu kuhusu likizo yake ya Visiwa vya Kanari, ambako bahari, kwa maelezo yake, ilikuwa na nyuzi ishirini. Mpishi mmoja wa meli akamkatiza kwamba hiyo si kitu, kwamba yeye amewahi kuoga Morisi kwenye bahari ya nyuzi ishirini na nane.

"Nilikuwa namimina kahawa," Sella anakumbuka. "Nikajikuta nimesimama. Ishirini na nane ni bwawa langu. Ni bwawa langu siku ambayo bomba limeziba kidogo. Nikawaza, maji ya namna hiyo nayajua. Hata yakiwa na chumvi, nayajua."

Jioni hiyo alikata tiketi, ile ya bei nafuu isiyorudishwa wala kubadilishwa. Akachagua Juni.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo watu wa huku tu wangeweza kulifanya, tena wote kwa pamoja. Juni hapa jua halilali. Saa nne usiku watoto wanacheza mpira, saa sita watu wanakata nyasi. Sella amezoea kuogelea baada ya kufunga bwawa, usiku, kukiwa kweupe. Akapiga hesabu zake: mchana akae kivulini kama alivyoshauriwa, halafu saa tatu, saa nne usiku, joto limepungua, watu wamekwenda kulala, ashuke majini taratibu bila macho ya mtu. Chungu kizima kikaona ni mpango wa busara. Borghildur aliongeza kwamba kama Juni ya hapa ina mwanga hivi, ya nchi ya jua itakuwaje.

Mwandishi huyu, aliyezaliwa Tanga, alikuwa Reykjavik wiki hiyo. Angekuwepo angesema.

Mwezi Februari Sella alimwandikia baruapepe mwenye nyumba ya wageni aliyopanga kufikia, mjane anayeitwa Devika Purmessur. Alimwomba jambo moja tu, kwamba amwekee mapazia mazito dirishani, kwa sababu mwanga wa usiku humkosesha usingizi.

Jibu lilisomwa chunguni kwa sauti. "Bibi mpendwa," aliandika Devika, "huku mwezi wa Juni giza linaingia saa kumi na mbili jioni. Mapazia yapo. Je, nikutafutie na tochi?"

"Nimewahi kumwona Eyvindur akicheka mara tatu," Sella anasema. "Hiyo ni moja."

"Mwanamke amelipa miezi miwili ya kazi akatafute giza," anasema Eyvindur, na hata leo machozi yanamtoka. "Angeningoja Desemba, ningempa bure."

Borghildur alikataa kusadiki mpaka akampigia mpwa wake, baharia, kuthibitisha. Kikao kikaahirishwa kwa aibu. Na Juni, ikabainika, kule ndio wakati wao wa baridi, bahari nyuzi ishirini na nne. Sella alilitafakari jambo hilo siku mbili. Mwisho akasema ishirini na nne siyo mbaya, hapa bahari ikifika kumi na mbili watu hupiga picha. Ila ataingia asubuhi, kweupe, watu wakimwona, apende asipende.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa nyumbani. Mlinzi mwenzake wa zamu yuko kwenye likizo ya uzazi, na bila mlinzi aliyefaulu mtihani wa uokoaji bwawa halifunguliwi. Halmashauri ilitangaza nafasi ya wiki mbili mara mbili na hakujitokeza mtu. Wakamwambia Sella kwa upole kwamba yeye ana haki ya kwenda, lakini bwawa litafungwa.

Kufunga bwawa wiki mbili mwezi wa Juni, huku watoto wametoka shule na ndio wakati wa mafunzo yao! Sella alianza kuzungumza juu ya kuiacha tiketi ipotee. Wanaomfahamu wanasema hakuwa akitania.

"Nikaona, basi, imeshindikana," anasema. "Na nitakuambia ukweli, kuna upande wangu mmoja ulifurahi. Nilikuwa nimepata kisingizio."

Ndipo siku moja Eyvindur akaweka kikombe chake ukingoni na kusema, "Nitaufanya mimi."

"Utafanya nini?" Borghildur akauliza.

"Mtihani."

Chungu kizima kilivunjika mbavu. Na kulikuwa na haki ya kucheka. Eyvindur anaogelea kila siku, mizunguko mingi, lakini kichwa chake hakijawahi kuzama bwawani. Kinatembea juu kimenyooka, mithili ya bata. Mtihani unataka mtu apige mbizi kwenye kina kirefu, amwibue mdoli wa mazoezi aliyelala chini, mzito kama mtu mzima, amvute mpaka ukingoni na kumfufua.

Hadithi ya Eyvindur na bwawa hili ilianza miaka kumi iliyopita. Asubuhi moja, kabla ya kufungua, Sella alimkuta mlangoni. Ameshika mkononi kaptura mpya ya kuogelea, ikiwa bado na karatasi ya bei.

"Sella," akasema, "sijui kuogelea."

"Najua," Sella akamjibu. "Ingia. Sabuni iko ukutani."

Hawakusema zaidi ya hapo. Hawakuhitaji, maana Eyvindur ni mmoja wa wale wawili waliokuwa gatini siku ile. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeushika ule mti.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Machi. Msimamizi alitoka mji mwingine kwa gari, njia nzima kwenye theluji, na chungu chote kilihudhuria. Eyvindur alimaliza sehemu ya kuogelea bila shida. Alipofika juu ya mdoli alivuta pumzi, akazamisha kidevu, akazamisha mdomo, maji yalipomfika puani akarudi juu. Akajaribu tena. Mara ya tatu msimamizi alipuliza filimbi na kumwomba atoke.

"Mdoli amekuachia salamu," Borghildur alimwambia kesho yake. "Anauliza kama maziko ni Ijumaa au Jumamosi."

"Mwambie Jumamosi. Ijumaa nina mazoezi."

Kweli alikuwa nayo. Kila mchana, bwawa linapofungwa kwa saa mbili za usafi, Sella na Eyvindur walibaki peke yao. Sella hakuanza na mdoli. Alianza na sufuria. Alimwekea sufuria ya maji ya uvuguvugu mezani, jikoni mwa bwawa, akamwambia atie uso humo, afumbue macho na kumwambia kuna nini chini. Siku ya kwanza ilikuwa kijiko. Siku nyingine picha ya mjukuu wake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hiyo ilikuwa ni kunionea," Eyvindur anasema. "Nilikaa chini kumwangalia mjukuu mpaka nikasahau kuogopa."

Mtihani wa pili uliangukia Siku ya Kwanza ya Kiangazi, sikukuu ambayo hapa husherehekewa mwezi wa Aprili, na mwaka huu iliangukia kwenye mvua ya theluji. Bendera zilikuwa zimelowa. Chunguni watu hawakutania. Eyvindur aliogelea mpaka kina kirefu, akasimama kidogo, akamtafuta Sella kwa macho, kisha akatoweka.

Borghildur anasema alikaa chini muda ambao mtu anaweza kumaliza sala. Sella anasema ni sekunde chache tu. Akatokeza akikohoa, mdoli kifuani, maji ya bwawa yamemgandisha nywele usoni kwa mara ya kwanza katika miaka kumi. Akamvuta mpaka ukingoni. Msimamizi alimwambia inatosha, amweke juu waendelee. Eyvindur hakumwachia.

"Alikuwa amemkumbatia," Sella anasema. "Msimamizi anasema tena, mweke juu. Hasikii. Nikapiga magoti pale ukingoni nikamwambia, Eyvindur, umefika. Yuko juu. Mwachie."

Mzee akamwachia. Alifaulu.

Alipoulizwa kuhusu siku hiyo, Eyvindur alirudi gatini. "Nilimwona baba yake Sella macho kwa macho. Hivi tunavyoonana mimi na wewe. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na nilisimama na mti. Watu waliniambia siyo kosa lako, na siyo kosa langu, nakubali. Lakini nilikuwa sijui kuogelea, na yule mtoto alikuja mbio kutoka nyumbani akanikuta nimekauka."

Sella alikuwa anapanga taulo nyuma yake. Aliendelea kuzipanga. Baadaye kidogo alimjazia kahawa bila kuombwa.

Hivyo bwawa halitafungwa. Funguo zimeshachongeshwa, na Eyvindur ameanza kurudisha watu bafuni kwa ukali unaozidi wa mwalimu wake. Wiki iliyopita alimrudisha mchungaji.

Ilibaki jambo moja, na ni Eyvindur mwenyewe aliyeliibua, baada ya kuzisoma kanuni za kazi yake mpya kwa makini kuliko alivyowahi kusoma kitu. Kanuni ya kwanza, iliyobandikwa juu ya dawati, inasema hakuna anayeingia majini bila mtu wa kumwangalia.

"Kule atakuangalia nani?" alimuuliza.

Sella hakuwa amelifikiria. Binti yake, Idunn, ni muuguzi Reykjavik na hakupata likizo. Ufukwe ulio mbele ya nyumba ya wageni ni wa kijiji, hauna mlinzi. Kwa siku kadhaa, Borghildur anasema, Sella alikuwa akiulizia tena kama tiketi kweli haiwezi kuuzwa. Kisha akamwandikia Devika baruapepe ya pili. Alimweleza yote, baba yake, gati na miaka yote hiyo ya kupita upande wa majani. Akamwomba kama kuna mtu anayeweza kusimama ufukweni asubuhi ya kwanza, asimame tu, amtazame.

Jibu lilikuja Jumatatu iliyopita. Hili hakulisoma chunguni kwanza. Alilisoma peke yake, kwenye chumba cha klorini.

"Nitasimama mimi mwenyewe," Devika aliandika. "Lakini sina budi kukuambia ukweli. Nimezaliwa hapa, nyumba yangu inatazama bahari, mume wangu alikuwa mvuvi, na mimi sijui kuogelea. Ukipata shida nitaweza kupiga kelele tu."

"Nikasoma mara mbili," Sella anasema. "Nikacheka. Halafu nikalia, kidogo tu. Halafu nikaenda kupima maji, maana ilikuwa saa ya kupima maji."

Jibu lake kwa Devika lilikuwa na mistari michache. Asinunue kitu, vazi la kuogelea ataletewa, amtumie vipimo. Watakuwa na asubuhi kumi na tatu. Wataanzia maji ya kiunoni, mkono wa Sella chini ya mgongo wake, siku ya kwanza kuelea tu.

Kwa hiyo ataingia baharini, mwandishi anamuuliza.

Sella anamtazama kama alivyomtazama mhandisi mwenye nywele kavu. "Sasa mtu utamfundisha vipi kuogelea umesimama mchangani?"

Kutoka chunguni Eyvindur anataka kujua huyo mama wa Morisi ana umri gani.

"Hamsini na minane," Sella anamjibu.

"Bado msichana," anasema Eyvindur. "Mwambie aanze na kichwa. Akikichelewesha, atateseka miaka kumi."